Mkanda wa shingoni au hatamu: kipi kwa mbuzi, kipi kwa kondoo?

Kihamba_Machame

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Bandani kuna mbuzi wa maziwa 6, machotara wa Toggenburg, na wanne kati yao hawana pembe. Kuna beberu mmoja chotara wa Boer na kondoo 4 wa kichwa cheusi, mmoja dume. Wote wanakatiwa majani, wanatoka nje saa chache tu kwa siku.

Mpaka sasa wanashikwa kwa pembe, sikio au mguu, na kondoo kwa kuvutwa ngozi ya mgongo. Kukata kwato kunakuwa mieleka. Nataka waanze kuvaa kitu. Maswali yangu:

Mbuzi na kondoo wavae kitu kimoja, au kila mmoja na chake? Kinaweza kukaa mwilini usiku na mchana? Nipimeje? Madukani nimekuta mikanda ya mbwa tu, na hatamu za ukubwa wa ng'ombe, kwa hiyo kama inawezekana kutengeneza kwa kamba nielekezeni. Mwisho, nimeombwa kumpeleka mbuzi jike mmoja na yule kondoo dume kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha. Zimebaki wiki sita na hakuna hata mmoja anayejua kuongozwa.

---

Bandani_UsaRiver

Karibu mkuu. Kwa kifupi: mbuzi avae mkanda wa shingoni, kondoo umwongoze kwa hatamu ya kichwani, na beberu mzito umtumie vyote viwili.

Tofauti iko kwenye maumbile na tabia. Mbuzi ana shingo nyembamba na taya pana, na mwenye pembe ndio kabisa, kwa hiyo mkanda ukishakaa nyuma ya masikio hautoki kirahisi. Tena mbuzi ni mwepesi kuelewa kwamba akifuata, mvuto unakwisha. Kondoo shingo yake ni nene chini, inapungua kuelekea kichwani, na kichwa chenyewe ni chembamba. Akirudi nyuma kwa nguvu, mkanda unapita juu ya masikio na anabaki huru. Na hata usipotoka, kondoo akibanwa koo hatulii, anajitupa mbele kuwafuata wenzake na kujikaba mwenyewe. Ukishika pua yake ndipo unapouongoza mwili wake wote.

Kwa mbuzi, mkanda ukae juu kabisa, nyuma ya taya na masikio. Watu wengi wanauacha uteremke hadi karibu na mabega. Hapo mbuzi anapata nguvu ya kukokota kama ng'ombe wa jembe, na wewe ndiye unayeongozwa. Akiwa ameshikwa juu, kichwa kinainuka na nguvu zake zinapungua nusu.

Kipimo: zungusha uzi pale juu ya shingo, ongeza nafasi ya vidole viwili vilivyolala bapa kati ya mkanda na shingo. Mbuzi wadogo wa kienyeji kwa kawaida ni sm 30 hadi 38, majike machotara wa maziwa sm 38 hadi 45, na beberu wa Boer anaweza kufika sm 60, naye shingo yake huongezeka kipindi cha kupanda majike. Usinunue kwa makadirio, pima kila mnyama. Upana usiwe chini ya sm 2 kwa mkubwa. Mkanda mwembamba au waya uliovishwa plastiki unakata ngozi.

Wale wanne wasio na pembe ndio watakaokusumbua, kwa sababu kichwa chao hupita kwenye mkanda uliolegea. Kwao tumia vidole viwili kamili, si vitatu, na ukague kila wiki.

Machotara wa Toggenburg wengi wana vile vinyama viwili vinavyoning'inia kooni. Mkanda ukae sehemu ya juu zaidi ya vinyama hivyo, usivikandamize. Mkanda mpana ukivisugua, vinachubuka chini kwenye shina na kidonda hicho huchelewa kupona kwa sababu kinaguswa kila mnyama anapoinama kula.

Kuhusu kuvuta ngozi ya kondoo, acha leo hii. Pale unapofinya, damu huvia chini ya ngozi, na mchinjaji huiona kama doa jeusi kwenye nyama. Mkono mmoja chini ya taya, mwingine nyuma kwenye kiuno au shina la mkia. Ukiinua kidevu chake anasimama, ukimwacha ainamishe kichwa anapata nguvu ya kukimbia.

---

Fundi_Ngozi_Kilombero

Naongeza upande wa mkanda wenyewe.

Mkanda wa mbwa unafaa kwa mbuzi ikiwa una bizimu ya chuma na pete imara. Ile ya klipu ya plastiki inafyatuka mbuzi akiruka, na jua la Moshi linaifanya iwe kavu na kupasuka ndani ya miezi michache.

Ukitaka kushonesha, mpe fundi viatu ngozi ya ng'ombe yenye unene wa mm 3 hadi 4, upana sm 2.5, urefu uwe kipimo cha shingo ukijumlisha sm 15 za kupitisha kwenye bizimu na kubakiza mkia. Mwambie atoboe matundu matano, yaachane sm 2. Kingo zikwaruzwe ziwe za mviringo, maana ukingo mkali wa ngozi mpya unakata kama karatasi. Pete ya kufungia kamba iwe na umbo la herufi D na ikae karibu na bizimu, ili uzito wote uwe upande mmoja na ushuke chini ya koo, mahali mkono unapopata kirahisi. Ishonwe kwa uzi wa nailoni mistari miwili pamoja na ribiti (pini za chuma za kugonga). Ribiti peke yake hung'oa tundu.

Ngozi ina adui wawili bandani: mkojo na meno. Mbuzi hutafuna mikanda ya wenzao, hasa ile inayoacha mkia mrefu ukining'inia. Kata mkia ubaki sm 5 tu baada ya bizimu na upitishe kwenye kishikio. Kila mwezi paka mafuta ya nyonyo kidogo, futa yaliyobaki.

Ukikosa ngozi, mkanda mpana wa begi la mgongoni ni mzuri sana na unafulika. Choma ncha kwa kiberiti zisifumuke, kisha papasa uhakikishe hazijaacha donge gumu upande wa shingo.

Kamba ya katani nayo watu huipenda kwa kuwa ni rahisi kupatikana, lakini kwa shingo haifai. Ikilowa inavimba na kufupika, yaani mkanda uliokuwa na nafasi ya vidole viwili asubuhi unabana baada ya mvua, na fundo haliko tena radhi kufunguka. Ukavu wake unakwaruza. Plastiki ile ya rangi rangi ni laini ikiwa mpya ila inateleza kwenye mafundo, na ikikaa juani huchomoza nyuzi kali.

---

Mlimani_SanyaJuu

Suala la usiku na mchana. Hapa ndipo wanyama wanapokufa, kwa hiyo lisomwe kwa makini.

Hatamu haibaki kichwani mnyama akiwa peke yake. Kabisa. Inanasa kwenye msumari wa hori, kwenye mguu wake wa nyuma akijikuna, au inateremka puani. Mvalishe, fanya kazi, mvue.

Mkanda wa shingoni unaweza kubaki, kwa sharti kwamba unaweza kukatika. Mbuzi hupitisha pembe chini ya mkanda wa mwenzake wakipigana, kisha mmoja anazunguka na mkanda unakaza kama kitanzi. Au anasimama kwa miguu miwili kufikia majani, mkanda unashika kwenye tawi, na anabaki ananing'inia. Ndani ya dakika chache amekwisha.

Njia rahisi: mkanda usifungwe moja kwa moja, bali uachwe na pengo la sm 3 lililounganishwa na uzi mwembamba wa katani. Jaribu kabla ya kumvalisha: tundika mkanda kwenye boriti, uninginize ndoo yenye lita 10 za maji, uzi uhimili. Kisha ndoo ya lita 20 iliyojaa, uzi ukatike. Ikiwa haukatiki, punguza nyuzi. Kwa vitoto tumia uzi dhaifu zaidi. Ningesema hata vitoto visivae chochote mpaka wafike miezi mitatu. Wanakua haraka, na mkanda uliosahaulika huzama ndani ya ngozi chini ya manyoya bila mtu kuona.

Ila elewa: huu wa kukatika si wa kufungia kamba malishoni. Ule wa malishoni lazima uwe imara, na ukiwa imara lazima awepo mtu. Na kwa kuwa uko Machame kwenye mteremko, angalia kingo za matuta. Kamba ya mita 4 iliyofungwa mita 3 kutoka ukingoni inamruhusu mbuzi aruke tuta asiguse chini. Kigingi kikae mbali na ukingo, mfereji, mti na uzio kuliko urefu wa kamba pamoja na mwili wa mnyama. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa sm 60, ipigiliwe ikiegemea upande wa pili wa mvuto, kichwa chake kisibaki juu ya majani. Mahali kamba inapokutana na nondo pawe na kiungo kinachozunguka, na kingine kwenye mkanda, la sivyo ndani ya saa moja kamba imejisokota ikawa fupi. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea kwa bolti na bapa la chuma lililokunjwa.

Kondoo usimfunge kigingini peke yake. Akitengwa na wenzake anazunguka na kulia badala ya kula.

---

Kihamba_Machame

Asanteni sana ndugu zangu. Nimepima tayari: majike sm 39 hadi 43, beberu 54. Mikanda nitashonesha, na ile ya uzi wa kukatika nimeielewa.

Hatamu bado. Nilijaribu kufunga kamba kwa kubuni, ikateremka mpaka kwenye tundu za pua, kondoo akaanza kukoroma na kujiangusha. Halafu jana nimeona kondoo jike mmoja ana uvimbe laini chini ya taya, pale pale kamba ilipopita. Je, nimemuumiza?

---

Kamba_na_Fundo

Mkuu, kukoroma huko ni kukosa hewa. Mbuzi na kondoo hupumua kwa pua zaidi kuliko mdomo. Mfupa wa pua hauendi mpaka mwisho, sehemu ya chini ni nyama laini tu, na kamba ikikaa hapo inafunga njia zote mbili. Kipande cha puani kikae vidole viwili au vitatu chini ya jicho, juu ya mfupa mgumu.

Hatamu yenyewe hutengenezwa hivi. Chukua kamba laini ya pamba iliyosukwa, au manila isiyo mpya sana, unene mm 8, urefu mita 3. Nyembamba kuliko hiyo inakata, nene kuliko mm 10 haikai kwenye kichwa kidogo.

Kwenye ncha moja funga kitanzi kidogo kisichokaza, tundu lake lipitishe kidole gumba. Tuliite jicho la kwanza. Sasa pima kamba juu ya mfupa wa pua, kutoka shavu hadi shavu. Kwa wanyama wako itakuwa kama sm 12 hadi 15. Umbali huo kutoka jicho la kwanza, funga jicho la pili, nalo lisikaze, na liwe dogo kiasi cha kupitisha kamba yenyewe tu. Kipande kilicho kati ya macho haya mawili ndicho cha puani, na urefu wake haubadiliki. Hiyo ndiyo siri ya hatamu yote.

Ncha ndefu inayotokea jicho la pili izungushe ifanye duara kubwa la nyuma ya masikio, kama sm 50, kisha ipitishe kwenye jicho la kwanza. Kutoka hapo irudishe, ipite chini ya taya, uipitishe kwenye jicho la pili. Inayobaki ni kama mita 2 za kuongozea.

Ukimvalisha, jicho la pili liwe shavu la kushoto, upande unaosimama wewe. Fuata kamba kwa kidole uhakikishe: inapanda shavu la kushoto, inapita nyuma ya masikio, inashuka shavu la kulia, inapenya jicho la kwanza, inapita chini ya taya, inatokea jicho la pili kuja mkononi. Ukivuta, kinachobana ni cha chini ya taya. Ukilegeza mkono, kinalegea.

Kosa kubwa ni kuivalisha kichwa chini miguu juu. Kile kinachoteleza kinakuwa puani, na kila ukivuta unamkaba. Nahisi ndicho kilichomkuta kondoo wako, au kipande chako cha pua kilikuwa kirefu mno kikateremka kwa uzito wake.

Ili isikaze kupita kiasi, funga fundo moja kwenye kile kipande cha chini ya taya, kabla kamba haijaingia jicho la pili. Mvute taratibu mpaka hatamu imkae vizuri huku vidole viwili vinapita chini ya taya, hapo ndipo fundo ligote kwenye jicho. Kuanzia hapo, hata avute vipi, haizidi. Lazima aweze kufungua mdomo, kutafuna na kucheua. Ukiona taya imetulia tuli, umebana.

Kufunga ukutani: tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha mara moja, na lijaribu ukiwa umelivuta kwa nguvu zako zote. Mnyama akianguka huna nafasi ya kuanza kung'oa fundo kwa kucha. Kamba isizunguke mkononi mwako kamwe. Ikunje vitanzi vya umbo la tarakimu nane, uvishike katikati.

---

Mifugo_Tengeru

Habari. Huo uvimbe usiuhukumu haraka kuwa ni kamba. Jeraha la kamba hukaa pale kamba ilipogusa, lina joto, linauma likibonyezwa na mara nyingi manyoya yamechubuka. Uvimbe laini kama mfuko wa maji chini ya taya, usiouma, na ukibonyeza kidole kinaacha shimo, ni maji yaliyokusanyika kwa sababu damu imepungukiwa protini. Kwa kondoo wa maeneo yetu, mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo wanaofyonza damu tumboni, na baada ya hapo minyoo ya ini kwa wanaolishwa majani ya mabondeni yenye unyevu. Majani ya tambarare yanayoletwa mlimani yanaweza kutoka sehemu hizo.

Teremsha kope ya chini ya jicho uangalie rangi ya ndani. Chati ya FAMACHA, iliyotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya kazi hii hii, ina madaraja 5: la 1 ni jekundu lenye afya, la 5 ni jeupe kabisa. Akiwa daraja la 4 au 5, hiyo ni dharura. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata, achukue kinyesi kipimwe na akupe dawa kwa uzito wa mnyama. Na usimfundishe kutembea na hatamu wiki hiyo. Mnyama asiye na damu akihangaika anaweza kuanguka na kufa mikononi mwako.

Mambo mengine ambayo hatamu na mikanda huyaleta au kuyaficha:

Kunywesha dawa. Watu humfunga mnyama kichwa kikiwa juu, wanamimina. Dawa inaingia mapafuni, na siku chache baadaye ana homa ya mapafu. Kichwa kiwe sawa, pua isipande juu ya usawa wa jicho. Legeza hatamu kabisa, ingiza bomba pembeni mwa mdomo mahali pasipo na meno, toa kidogo kidogo, acha ameze. Hatamu iliyobana inamzuia kumeza.

Sindano. Chanjo ya chini ya ngozi ikichomwa shingoni huacha uvimbe mdogo, na mkanda ukikaa juu yake unaugeuza kidonda. Ichomwe nyuma ya bega, au mkanda uvuliwe kwa wiki mbili. Anayetolewa damu kwenye mshipa wa shingo avuliwe kwanza, maana mkanda hubana mshipa na kupotosha mahali pa kuchoma.

Majipu ya tezi. Huu ni ugonjwa wa bakteria, hutokea chini ya sikio, pembe ya taya na mbele ya bega, mahali mkanda unapopita. Jipu likipasuka, usaha unalowesha mkanda, na mkanda huo ukivalishwa mwingine mwenye mchubuko, umemwambukiza. Bakteria hawa hukaa hai kwa miezi kwenye mazingira. Mkanda wa mnyama wa namna hiyo uchomwe moto, hata kama ni mpya. Vaa glovu, kwani binadamu naye anaweza kuupata. Upele na mba ya mviringo navyo huhamia kwa mikanda ya kuazimana. Kwa hiyo kila mnyama na wake, na hatamu za pamoja zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila baada ya kazi.

Mbuzi anayekohoa akivaa mkanda, uvue. Kikohozi kikiendelea siku ya pili bila mkanda, mkanda haukuwa sababu, na mbuzi huyo achunguzwe.

Rangi za mikanda zina faida moja ninayoipenda: mbuzi aliyepewa dawa avae mkanda mwekundu mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, na mkamuaji yeyote, hata mgeni, ajue maziwa yake hayachanganywi. Haichukui nafasi ya hereni ya utambuzi. Na kwa jumla, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kumfunga kwa namna inayomuumiza kunaingia humo.

---

Bandani_UsaRiver

Wiki sita za Nane Nane zinatosha ukianza kesho, isipokuwa yule kondoo jike mgonjwa, naye si wa maonyesho.

Wiki ya kwanza usimwongoze popote. Mvalishe, mfunge kwenye nguzo imara kwa kamba ya sm 40 hivi, kwa usawa wa kichwa chake akiwa amesimama, dakika 10 hadi 15 mara mbili kwa siku, na wewe ukiwa hapo hapo. Kamba ikiwa ndefu atapitisha mguu juu yake. Ikifungwa chini atajipindua. Atavuta, atapiga magoti, kisha atagundua kuwa akisogea mbele kunalegea. Ugunduzi huo lazima aufanye mwenyewe.

Wiki ya pili anza kutembea, ukichagua saa ya chakula, ukielekea kwenye hori na si kutoka horini. Simama kushoto, bega lako sambamba na shingo yake, mkono wa kulia sm 20 kutoka tayani. Vuta kidogo, shikilia bila kutikisa, na akipiga hatua moja tu legeza papo hapo. Watu hukosea hapa: mnyama anatii nao wanaendelea kuvuta, kwa hiyo hana sababu ya kutii tena. Hatua tatu siku ya kwanza ni nyingi.

Kondoo dume mtembeze pamoja na kondoo mwenzake akitangulia na mtu mwingine. Akilala chini, usimburute kwa pua. Inua kidevu, gusa shina la mkia, atasimama. Akirudi nyuma nenda naye, usishindane, akisimama ndipo uombe hatua ya mbele.

Tangu wiki ya nne mzoeshe kelele: redio yenye sauti kubwa, watoto, pikipiki inayonguruma, turubai linalopepea. Themi kuna spika kila banda. Mzoeshe pia kuguswa miguu na kusimamishwa, miguu minne ikiwa kama ya meza, kichwa juu. Jike wa maziwa aguswe kiwele na mtu asiyemjua.

Kuhusu yule beberu, hata kama haendi kwenye maonyesho: mkanda mpana wa sm 4 pamoja na hatamu, kamba mbili, watu wawili, mmoja kila upande wa kichwa, mbele kidogo ya bega. Usisimame mbele yake wala kumpa mgongo. Ukilazimika kushika pembe, shika shinani. Kwa beberu mchanga ncha inakatika na damu yake haikauki kirahisi.

---

Kihamba_Machame

Nimemaliza kuisoma mara mbili. Kope za yule jike ni nyeupe, mtaalamu wa kata anakuja asubuhi. Hatamu nimeifunga upya, fundo limegota pale vidole viwili vinapopita.

Swali la mwisho: kwenye gari kwenda Themi, niwafunge kwa mkanda au kwa hatamu?

---

Mlimani_SanyaJuu

Vyote viwili visitumike kumfunga garini, mkuu. Breki moja ya ghafla pale Kikatiti, na shingo ndiyo inayopokea uzito wote. Watengee chumba kwa mbao ndani ya boksi la gari, wasiwe na nafasi ya kuanguka wala kugeuka kwa kasi, mwaga majani makavu chini au mchanga wasiteleze, jike na dume watenganishwe. Mkanda wa uzi wa kukatika unaweza kubaki shingoni. Hatamu ziweke kwa dereva, na uwavalishe kabla ya kufungua mlango wa nyuma, si baada.

---

Kamba_na_Fundo

Na beba hatamu ya tatu ya akiba. Kamba ya pamba ikilowa mate na kukauka mara nyingi huoza kwanza ndani ya lile jicho la pili, mahali inapokwaruzana. Lifungue kidogo ukague nyuzi usiku wa kuamkia safari.